Turbo ya Ami Sadallah

Mbweni, Dar es Salaam
3 Novemba 1993

Dada Naima,

Assalaam aleikum. Sie huku wazima, alhamdulillahi. Natumaini na wewe, shemeji Aiman na watoto hamjambo, na joto la Maskati limepungua. Raudha anakusalimu. Ana mimba tena, dada. Inshaallah atajifungua Aprili, katikati ya masika, na ndiyo maana nakuandikia.

Unaijua njia yetu mvua ikinyesha. Masika ya mwaka huu tulikuwa tunamkimbiza mtoto hospitali, teksi ikazama kwenye tope kabla ya kufika barabara kubwa, na mtoto wetu akafia mapajani mwa mama yake. Nimeapa halitatokea tena. Sasa Ami Sadallah anauza lile foo-wili lake la dizeli, lenye turbo ya kuongezea injini nguvu. Ni la zamani lakini linang'aa, na magurudumu yote manne yanavuta. Nilipotaja fundi wa kulikagua, Ami alinitazama akasema, "Uniletee fundi anipekue, mie niliyekulea?" Nikaona aibu.

Sijawahi kufanya jambo kubwa bila kukuuliza. Ninunue?

Mdogo wako,
Awadh


Maskati
1 Desemba 1993

Mdogo wangu Awadh,

Waaleikum salaam. Sie hatujambo. Mwambie Raudha namwombea kila nikiswali. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Usinunue! Umesahau tulivyolelewa pale Msasani? Nani aliwahi kufika mlangoni kwa Ami gari likinguruma? Dereva hajavuta hata hendibreki, Ami keshafoka dirishani: "Zima! Hapa watu wanasalimiwa, si gereji!" Basi turbo haitaki hivyo. Aiman ana gari la namna hiyo. Akirudi safari huliacha lingurume kidogo mpaka turbo ipoe, ndipo azime. Ukizima ikiwa moto, oili inaungulia humo ndani, na siku moja turbo inakufa. Gari la Ami limezimwa likiwa moto tangu alinunue, eti adabu! Halafu anakukataza fundi, nawe unaona aibu. Aibu gani hiyo, Awadh? Nina hasira nawe.

Fundi alikague, au uliache.

Dada yako,
Naima


Mbweni
10 Januari 1994

Dada Naima,

Salaam. Tu wazima. Barua yako imefika, na heri ingepotea njiani.

Wewe uko Maskati, lami mpaka mlangoni. Hukuwepo. Hukumbeba mwanao ndani ya kanga ukitembea kwenye tope, mama yake anakufuata nyuma hana hata sauti ya kulia. Mie nilimbeba. Baba alipofariki, nani alituchukua? Ulipoolewa, nani alisimama? Leo umeshiba, unamsema. Nami nimpelekee fundi, kana kwamba Ami ni mwizi?

Nimelinunua. Liko uani. Usiniandikie tena habari za turbo.

Mdogo wako, ukipenda,
Awadh


Maskati
20 Februari 1994

Awadh,

Ramadhani njema. Raudha anaendeleaje? Hukuniambia. Barua nzima ni Ami, Ami.

Ami alinilisha, akaniozesha, nami nampenda. Lakini gari lake halijui hayo. Wewe umeogopa kumuudhi mzee, ukaona afadhali umhatarishe mkeo. Ndivyo ilivyo, hata ukinichukia. Habari za turbo nimeacha. Naandika habari za Raudha: masika yasimkute Mbweni. Mpeleke Temeke kwa Shangazi Mwamvita, hospitali ipo karibu, hata kwa miguu anafika. Ukikataa na hili kwa kuwa una gari uani, wallahi usiniite dada tena.

Naima


Mbweni
29 Mei 1994

Dada,

Nitakuita tu, hata ukikataa. Assalaam aleikum, natumaini Idi mmeila salama. Kimya changu kilikuwa cha hasira, na bado sijapoa, kwa hiyo nivumilie.

Nilikataa. Nilisema, gari nimenunua la nini? Raudha hakubishana. Barua yako niliitupa uvunguni, yeye akaiokota akaisoma. Siku moja natoka kazini nakuta nyumba imefungwa, ufunguo uko kwa jirani, mwenyewe keshakwenda Temeke. Niliwaka! Nikamfuata, nikafoka uani kwa watu, mpaka Shangazi Mwamvita akanifungia mlango.

Aprili, mvua inamwagika, nikaletewa habari kwamba uchungu umemshika. Nikawasha gari. Halikufika barabara kubwa, dada. Lilitoa moshi wa bluu, likaishiwa nguvu, likazimika karibu na pale ilipozama teksi. Nikapiga usukani mpaka mkono ukavimba. Nikamtukana Ami, halafu nikakutukana wewe, kwa sababu ulisema kweli. Kisha nikashuka nikatembea mpaka barabara kubwa, nikadandia daladala.

Nilifika Temeke nimejaa tope, binti yangu keshazaliwa, mzima, amelala. Anaitwa Salsabil. Adhana ya sikioni alimsomea mume wa Shangazi, maana baba mtu hakuwepo. Hilo linaniuma mpaka leo, na nikimwona Ami linaniuma zaidi. Nilipomweleza habari za gari alisema, "Kwangu lilikuwa zima." Nikamuaga kwa heshima, nikaondoka.

Raudha bado yuko Temeke. Amesema harudi Mbweni mpaka gari lile, ambalo majirani walinisaidia kulikokota nyumbani, litoke uani. Juzi alikuja Faraji, mtoto wa binamu yetu Farhan, anataka kulinunua. Nilimwambia limekufa, akasema atalifufua. Akalizunguka, akawa anatazama chini. Mwishowe akasema, "Ami, niwie radhi, nilikuwa naomba... kama haitakuudhi... nije na fundi."

Nimemwambia aje na mafundi wawili.

Mdogo wako,
Awadh