Eti Utani

Lushoto, Jumanne, baridi kali

Hata sikukasirika. Hilo ndilo linalonisumbua.

Leo mchana, pale intaneti kafe, nilifungua tena lile jukwaa la wahadhiri. Chini ya hoja yangu kuhusu mashamba ya Mtae, mtu asiyejitambulisha ameandika: "Msambaa ametoka lini kwenye kabichi zake hata afundishe watu?" Wengine wakachekelea. Nikasoma kama ninayesoma bei ya viazi.

Chuoni niliwasimulia wenzangu. Mwalimu wa sheria akasema, "Hajakutaja jina, dada, hapo hakuna kesi." Mama Joeli, anayefundisha saikolojia, akanishauri nisifungue tena. Yule wa sosholojia akacheka. "Huo si utani wa makabila tu? Siku hizi hutaniwi?"

Kila mmoja na somo lake. Mimi nikanywa chai.

Disketi yenye hoja yangu ya pili nimerudi nayo nyumbani. Sikuituma. Sidhani kama nitaituma.

Lakini utani naujua. Mama alipofariki, Mzee Sefu, mtani wetu wa Kizigua, alitoka Handeni kuja kutuzikia. Aliingia kaburini akagoma kutoka, eti Wasambaa ni wabahili mno, hawazikwi bure. Tulicheka huku tunalia. Kisha akatoka, akashika koleo, akafukia mpaka mwisho, shati limelowa jasho.

Huyu wa mtandaoni amesema yake, akaenda. Koleo atashika nani?