Anza na Mwisho

Mujukuu wangu Furaha,

Sisi huku Nchelenge tuko wazima, na samaki wameanza kurudi. Unaniuliza taharuki ni nini, maana itakuja kwenye mutihani wako huko Lubumbashi.

Nilipokuwa mutoto, upepo ulipiga ziwa na mutumbwi wa baba haukurudi. Asubuhi muchuuzi mumoja wa samaki akafika na baiskeli kutoka Kabuta. Alikunywa maji kwanza, kisha akaanza kusimulia: baba na wenzake walivyotupa nyavu, wingu lilivyotokea upande wa Congo, maji yalivyoingia mutumbwini. Watoto wa jirani walisogea karibu, maana alijua kusimulia. Mama, kisu cha samaki mukononi, akapiga kelele:

"Anza na mwisho! Bwana yangu eko muzima?"

"Eko muzima, mama. Anakausha nguo."

Taharuki ndiyo hiyo, kufichwa mwisho. Wale watoto waliona utamu wake. Mama alimupenda mutu aliye ndani ya hadithi, kwa hiyo ilimuchoma.

Sasa wewe, chini ya swali lako, umeandika: "Kambo, kuna jambo kubwa, nitakuambia nikija." Tangu hapo chakula hakipiti. Usinisimulie vizuri, Furaha. Nipigie leo. Hata salamu uziache, anza na mwisho.

Kambo wako