Kipengele cha Tisa

Homa Bay, Ijumaa. Joto la leo ni la mvua inayokataa kunyesha. Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye kioo cha ofisi yangu mpaka nje hakuonekani vizuri. Nimeamka na furaha nisiyoielewa. Niseme ukweli mapema, kabla sijaanza kujipamba: leo nimemfanyia mtu ukatili, na kwa muda wa saa nzima nilijisikia vizuri.

Ninafundisha walimu watarajiwa, mwaka wa tatu. Muhula huu mada kubwa ilikuwa muhtasari wa kozi, yaani ile karatasi ambayo mhadhiri huwapa wanafunzi wiki ya kwanza. Aandike jina lake, ofisi yake na saa za kumwona. Aandike malengo, mada za kila wiki, vitabu, jinsi alama zitakavyogawanywa, na masharti. Huwa nawaambia kwamba muhtasari ni mapatano, na mapatano hayana machozi. Wanacheka, halafu wanaandika hilo nalo.

Muhtasari wangu mwenyewe una kurasa sita. Wanachokiogopa ni kipengele cha tisa. Kinasema kwamba anayekosa jaribio kwa sababu ya matanga alete kibali cha mazishi ofisini kwangu ndani ya siku tatu baada ya kuzika. Akichelewa, sifuri. Na asiye na alama za jaribio haketi mtihani wa mwisho. Anarudia kozi mwakani na wadogo zake. Kila mwanafunzi hutia sahihi.

Nilikiandika kwa hasira. Huku kwetu matanga hayaishi, na wapo wanafunzi walioyageuza kuwa likizo. Kuna binti mmoja ambaye nyanya yake wa Magunga alifariki mara mbili katika muhula mmoja. Mara ya pili nilimpa pole nikimtaja marehemu kwa jina, naye akalia machozi ya kweli. Tangu siku hiyo niliapa sitachezewa tena.

Siku tatu. Nilizichagua nikijua.

Hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Mimi ni Mjaluo wa Migori, si mgeni wa mambo haya. Najua kwamba kwetu kuzika si mwisho wa matanga. Baada ya mazishi wana wa boma huondoka kwa mpangilio wa kuzaliwa, mkubwa kwanza, na wa mwisho hatoki mpaka wote wametoka. Mkubwa akiamua kukaa, wote wanakaa. Anayeruka zamu, ugonjwa wowote utakaoingia pale nyumbani utawekwa kichwani kwake. Kwa hiyo siku tatu zinamtosha mtoto wa kwanza. Mtoto wa mwisho hazimtoshi hata kidogo.

Leo asubuhi akaja Ouma.

Ouma ni kijana wa Sindo, hukaa safu ya pili, na huuliza maswali yanayonilazimu kusoma tena kabla ya kipindi. Jaribio tulilifanya Ijumaa iliyopita. Mama yake alizikwa kesho yake, Jumamosi. Siku zake tatu ziliisha Jumanne, naye amefika leo, kichwa kimenyolewa, kibali amekikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe.

“Daktari, mimi ndio wa mwisho kwetu,” alisema. “Brathe mkubwa alitoka Jumatano, wa pili akatoka jana. Sasa mimi ningetoka aje?”

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Nikachomoa karatasi yake kwenye faili, nikamuuliza kama ile sahihi ni yake. Akakubali. Nikamuuliza kama alipotia sahihi alikuwa anajua kusoma. Hilo halikuwa na haja yoyote, nililiongeza kwa sababu lilinijia na lilikuwa tamu mdomoni.

“Lakini wewe ni mtu wa huku,” akasema. “Unajua vile inakuwanga.”

“Kipengele cha tisa hakina kwao,” nikamjibu.

Nilingoja abembeleze. Wengine hupiga magoti, wengine huniletea wachungaji. Ouma aliomba tu karatasi moja ya maswali ya lile jaribio, nikampa, akashukuru na kutoka. Nilibaki nimekasirika, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Saa sita mkuu wa idara akapita mlangoni. Alisema muhtasari wangu ndio bora kuliko yote, kwamba hasa yale masharti yangekomesha uzembe, na kwamba anataka niutume kabla ya saa kumi ili kozi zote za idara ziufuate. Nikasema asante, bwana mkuu, kwa sauti ya unyenyekevu. Moyoni nilikuwa nacheza.

Niliporudi kutoka chakulani nilikuta karatasi mbili zimepitishwa chini ya mlango. Ouma alikuwa amelijibu lile jaribio, lenye swali moja tu: eleza mambo ambayo mhadhiri anapaswa kuyaweka kwenye muhtasari wa kozi. Nilisoma nikitafuta kosa. Yote yalikuwamo, na kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Kisha nikafika aya ya mwisho.

“Mhadhiri asiandike sharti ambalo baadhi ya wanafunzi hawawezi kulitimiza hata wakijitahidi. Akiliandika kwa kutojua, aelezwe. Akiliandika akijua, aandike na sababu yake hapo hapo, ili tuisome.”

Niliketi.

Mimi ni kifungua mimba. Tulipomzika baba kule Migori, mdogo wetu wa mwisho, Okoth, alikuwa amepata kazi Mombasa na alitakiwa kuripoti Jumanne. Nilijua, aliniambia mwenyewe. Nilikaa mpaka Alhamisi. Hakuna kilichonishika. Nilipenda tu kuulizwa ua ujengwe wapi na ng'ombe wa baba wakae kwa nani, na kila asubuhi nilipomwona Okoth ameketi karibu na begi lake lililofungwa, niliagiza chai nyingine. Kazi ilikwenda kwa mtu mwingine. Sasa anaendesha bodaboda Migori mjini, na nikishuka stendi hubeba mzigo wangu na hukataa nauli. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kwamba wa mwisho hungoja, na kumngojesha hakukugharimu kitu.

Naona aibu. Nimeiona leo, na imechelewa.

Nilichukua kalamu nyekundu nikasahihisha kazi ya Ouma kwa haki. Ishirini na nane kwa thelathini, alama ya juu kuliko zote darasani. Kisha nikaufungua muhtasari kwenye kompyuta, nikaenda kipengele cha tisa, nikajaribu kufanya alivyosema: kuandika sababu. Niliandika “kwa sababu” na sikupata maneno ya kufuata ambayo mkuu wa idara angeweza kuyasoma. Kukifuta kipengele kizima kulihitaji kidole kimoja tu. Lakini kukifuta ni kukiri, na Jumatatu Ouma angekuja na kibali chake, na nyuma yake wale wote wa miaka iliyopita.

Saa kumi kasoro dakika mbili nilifuta yale maneno mawili na kuutuma kama ulivyokuwa.

Mkuu amejibu kwa neno moja, “Safi.” Ile karatasi yenye ishirini na nane nimeifungia kwenye droo. Kuanzia muhula ujao kila mtoto wa mwisho katika idara nzima atatia sahihi siku tatu.

Nimeishika simu tangu saa kumi na moja, jina la Okoth liko mbele yangu. Nikimpigia nitamwambia nini, kwamba sasa anaweza kutoka?