Mashine Yangu Haisagi Kimea

Bi Mwanahija, shikamoo. Nakuandikia nina hasira, unisamehe, maana nimebaki peke yangu. Nina mashine ya kusaga hapa Njinjo, kijijini kwetu ni hiyo moja tu, na mimi ni Mwislamu, basi Scholastica alipokuja na kimea cha pombe nikakataa, nikamwambia mashine yangu haisagi haramu, akabeba kimea chake akaondoka, kesho yake akarudi na debe la mahindi ya chakula nikamfukuza tena mbele za watu, kwa sababu mpika pombe ni mpika pombe na sitaki mkosi kwenye biashara yangu. Tangu siku hiyo anatwanga kwa kinu mkabala na mlango wangu, mama yake mgonjwa anayeishi kwa uji amelazwa hapo hapo kwenye mkeka, na wanawake wa kijiji, hao hao wanaoswali nyuma yetu msikitini, wameleta mahindi yao wanatwanga naye, kwangu haji mtu, na juzi mke wangu Zakia kachukua mchi wa nyumbani kaenda kujiunga nao, nilipomuuliza akasema, "Baba Idd, mahindi nayo yamekukosea nini?" Je, mwenye mali hana haki ya kuchagua wateja? Nimpe Zakia talaka?

Jafari, Njinjo

Marahaba, Jafari. Hasira yako nimeisoma, sasa soma yangu.

Kimea ulikuwa na haki ya kukikataa. Ni imani yako, na Scholastica mwenyewe hakubishana nawe. Ungeishia hapo nisingekuwa na neno. Lakini siku ya pili hukukataa pombe, ulimkataa mtu, ukamnyima mgonjwa uji, kisha ukamsingizia Mungu. Na mkosi usinitajie. Kijiji kina mashine moja, basi wanaume wanaoinywa hiyo pombe nao ulikuwa ukiwasagia kila siku, tena ukiwachekea.

Talaka iondoe mdomoni. Zakia amekuonya kwa adabu ambayo mimi sina.

Kesho asubuhi usiwashe mashine. Vuka njia, msalimie mama mgonjwa kwanza, kisha umwombe Scholastica radhi mbele za watu, kwa kuwa mbele za watu ndipo ulipomfukuza. Pokea mchi, utwange debe lote mwenyewe. Mikono ikichubuka, endelea. Mashine utaiwasha mama yule akishakunywa uji wa unga ulioutwanga wewe.