Paa la Mwanarehema

Likoni,
8 Januari 1961

Dada yangu Mwanarehema,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, kikohozi changu kimekwisha, na mama hajambo isipokuwa macho, ambayo sasa yamefunga kabisa. Hata taa ikiwashwa haoni. Na nyinyi huko kwenye baridi mwaendeleaje? Rama hajambo? Kiwanda cha mbao hakijamla kidole?

Nakuandikia kwa jambo moja, na ukicheka ujue mimi nilicheka kwanza. Unavijua vile vijumba vyangu ninavyowatengenezea wageni wa hoteli za Nyali, vya kubeba mkononi, na vipaa vyao vya makuti. Juzi mama kanikuta naezeka kimoja, akakichukua, akakipapasa pande zote, kisha akauliza, "Na nyumba ya Mwanarehema waweza kuifanya?"

Nikamwambia, mama, ukitaka kuijua nyumba ya mwanao si upande gari la moshi? Akanijibu, "Niliapa sitatia mguu. Mkono sikuutaja."

Ndivyo alivyo. Tangu ulipopanda feri na Rama, na ulikuwa umemwahidi kwamba ukiolewa utakaa papa hapa, kiapo chake hakijasogea hata shibiri. Nilimweleza kwamba mwalimu wa chuoni kasema kiapo kina kafara yake, mtu hulisha maskini kumi mambo yakaisha. Akaniuliza ni nani aliyemtuma mwalimu.

Basi niandikie nyumba yako ikoje, hasa paa. Nasikia ni la mbao. Paa la mbao ni paa gani?

Kakako,
Mwidani


Elburgon,
29 Januari 1961

Kaka Mwidani,

Shikamoo. Barua yako nimeinusa kabla sijaisoma, nikapata harufu ya nyumbani. Sisi wazima. Rama ana vidole vyake vyote na anakusalimu. Mbusu mama mkono kwa niaba yangu.

Sikucheka. Nilikasirika, na hata sasa ninapoandika hasira haijashuka. Mwaka juzi nilikuja huko. Mama akanipikia, akanisuka, akanipa habari za Likoni nzima mpaka za mbuzi wa jirani, lakini juu ya nyumba yangu hakuniuliza hata neno moja. Utadhani nalala njiani. Nilipoondoka nilijiambia sirudi mpaka aje yeye. Leo anataka aletewe nyumba mkekani!

Lakini mama ni mama. Paa ni hivi: vibao vyembamba vya mti wa mtarakwa, urefu kama kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Hupangwa safu juu ya safu kuanzia chini kwenda juu, kama makuti, na kila kibao hufunika ufa wa viwili vilivyo chini yake. Watu huviita vigae vya mbao. Kwa fundi kama wewe ni kazi ya asubuhi moja.

Nduguyo mdogo,
Mwanarehema


Likoni,
20 Machi 1961

Dada Mwanarehema,

Salaam, na Idi Mubarak ingawa imeshapita. Sisi wazima, tumesali na tumekula. Twawaombea nanyi uzima.

Kazi ya asubuhi moja! Ramadhani yote nimeshinda na njaa na vibao vyako. Kwanza nilikusanya viberiti vitupu, nikakata ule ubao wao kwa mkasi, vipande vidogo kama kucha, vyote sawasawa. Nikavipanga safu safu kwa gundi, na mbele ya macho yangu lilikuwa paa la kupendeza. Mama akapitisha kidole mara moja tu. "Changu huyu," akasema. "Nimekuomba nyumba, waniletea samaki?"

Nikang'oa yote. Nikachukua mvule, nikaupasua kwa msumeno mwembamba, nikaupiga randa, nikausugua kwa msasa mpaka inzi angeteleza. Mama akapapasa akaniuliza, "Mwanangu yuwalala chini ya meza?"

Wallahi nilitaka kulia. Hajawahi kuliona paa la mbao maishani mwake, lakini langu anajua silo! Nikamwuliza anajuaje. Akasema, "Paa lililokaa juani na mvuani halina adabu hivi."

Hebu niambie vizuri. Unaniandikia kama mtu anayeelekeza njia kwa kunyoosha mdomo.

Kakako,
Mwidani


Elburgon,
14 Aprili 1961

Kaka Mwidani,

Shikamoo. Hatujambo, ila mafua ya kubadilishana mimi na Rama. Mama naye? Nawe pumzika, usije ukapofuka pia kwa ajili ya gundi.

Safari hii nimemwuliza Rama, maana yeye yumo kazini humo. Amekucheka, nisamehe. Anasema vigae hivi havikatwi kwa msumeno hata kidogo. Gogo fupi husimamishwa, huwekwa kisu kinene juu yake, kikapigwa rungu, nalo hupasuka lenyewe kwa kufuata nyuzi zake. Ndiyo maana kila kigae kina michirizi, na hakuna viwili vyenye upana mmoja. Vikikaa juani hujikunja ncha. Mvua huvigeuza rangi ya majivu, na upande usiopata jua huota ukungu wa kijani. Basi, fundi, weka randa chini.

Nyumba yenyewe ni ndefu, chumba kimoja, na mlango uko kwenye upande mfupi. Ukiingia, meza iko kulia. Kitanda chetu kiko kushoto, ndani zaidi, karibu kugusa ukuta wa mwisho. Sidhani nimesahau kitu.

Nduguyo,
Mwanarehema


Likoni,
2 Juni 1961

Mwanarehema,

Salaam. Twapumua.

Hudhani umesahau kitu! Sikiliza. Nilitafuta ubao laini wa masanduku ya sabuni, nikaupasua kwa wembe, kidogo kidogo, kila kipande na upana wake. Vidole vyangu sasa vimejaa chale kama vya mtu aliyepigana na paka. Nikaviloweka vipande kwenye chai na majivu vikapata rangi ya uzee, ingawa mama haioni rangi. Nilifanya kwa ajili ya roho yangu. Mlango nikauweka upande mfupi kama ulivyosema, jambo ambalo kwangu ni kama kuingia nyumbani kwa ubavu. Nikaezeka kutoka chini kwenda juu. Nilipomaliza nilikaa mbali nikalitazama, nikajipongeza.

Mama akaweka mkono. Akapanda na safu taratibu, na kwa mara ya kwanza nikaona anatabasamu. Akafika mgongoni, akashuka upande wa pili, bado anatabasamu. Kisha mkono ukaenda mwisho wa nyumba, ukakuta kisusi, paa likishuka mpaka juu ya mlango. Ukaenda mwisho wa pili, ukakuta kisusi. Akauondoa mkono.

"Hii ni nyumba yetu," akasema. "Umenirudisha kwangu." Akalala bila chakula.

Nikaenda kwa Lewa, jirani yetu aliyewahi kufanya kazi ya reli huko bara. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe nyumba za huko zina vipaa viwili tu, kila ubavu kimoja, na ncha zake ni ukuta mtupu mpaka juu! Mimi nitajuaje? Tangu nishike nyundo sijaezeka nyumba isiyo na visusi. Lakini wewe, uliyezaliwa chini ya visusi, hukuona kwamba vyako havipo? Kila siku unapita mlango ule!

Paa nimelitia jikoni, limechemsha kunde. Nimeacha. Wewe na mama mna kichwa kimoja cha mvule, na mimi si msumeno. Mkitaka kuonana, onaneni. Msipotaka, basi.

Mwidani


Elburgon,
27 Agosti 1961

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa miezi yote hii ya kimya. Natumai kimya ni hasira tu, si ugonjwa. Mama vipi? Sisi wazima.

Barua yako ilinifanya nitoke nje. Nikasimama barabarani nikaitazama nyumba yangu kama mgeni anayetafuta pa kubisha hodi. Ni kweli, haina visusi. Nimeishi chini ya paa lile mwaka wa tatu na sikuwahi kuligundua. Nililia pale pale nje, kaka, na sijui hasa nalilia nini. Nadhani nilikuwa nimemkumbuka mama.

Usiache. Nakuomba. Nimepanda ngazi nikachomoa kigae kimoja cha kweli, kile kilicho juu ya kitanda chetu. Rama amegomba, kisha akasema atatia kingine kesho. Unazijua kesho za Rama. Kigae nimempa Jumwa, jirani yetu anayerudi kwao Kisauni, naye ameahidi kuvuka mpaka Likoni akupe mkononi. Ni mtarakwa wenyewe, ulionyeshewa na kuchomwa na jua. Pasua vyote kutoka humo.

Nduguyo anayekusumbua,
Mwanarehema


Likoni,
12 Novemba 1961

Dada yangu Mwanarehema,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Mama mzima, tena mno, kama utakavyoona. Nyinyi huko mwasalimika na mvua hizi? Huku barabara zimekuwa mito.

Kigae kilifika. Jumwa, Mungu amlipe, alikileta amekifunga kwenye leso. Lakini kabla sijakigusa mama alikwisha kukinyakua. Alikinusa, akakiweka chini ya mto, akalala nacho. Kila nikimwomba ananiambia bado. Nilikaa na wembe mkononi kama bwana harusi asiye na bibi. Aliponipa hatimaye, akanionya nisipoteze hata unyuzi.

Mti huu una heshima, dada. Ukiugusa tu kwa wembe unapasuka wenyewe, na michirizi yake imo hata kwenye kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Vipaa viwili, ncha ni ukuta, na ndani nimetia meza kulia na kitanda kushoto. Basi pepo hizi za mvua zikaja, vigae vikaanza kujikunja ncha. Nilikwisha kuinua jiwe la kuvikandamiza, nikakumbuka barua yako, nikaliweka chini huku natukana.

Na kitu kimoja zaidi nilifanya, kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kuambiwa sivyo, sivyo. Ulisema umechomoa kigae juu ya kitanda, kushoto, karibu na ukuta wa mwisho. Basi pale pale nikaacha tundu. Anayetaka kitu kilivyo, apewe kilivyo.

Mama alipapasa usiku unaingia, mvua inapiga nje. Akapanda na safu. Akafika mwisho wa nyumba, akakuta ukuta, akatikisa kichwa kukubali. Akarudi, na kidole kikatumbukia.

"Hapa pana nini?"

"Ndipo kilipotoka kile kigae," nikamwambia. "Juu ya kitanda chao."

"Hakikurudishwa?"

"Rama kasema kesho."

"Rama!" akasema, kwa sauti ambayo kalamu yangu haiwezi kuiandika. Kidole akakiacha mle tunduni. Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli. Baadaye akasema polepole, "Mwanangu yuanyeshewa," na machozi yakamtoka, yale macho yasiyoona.

Kulipopambazuka akataka mchele. Mwanamkasi, binti wa shangazi, ndiye aliyepika, na mimi nikatumwa ferini kutafuta maskini kumi. Wamekula wakashiba wakatuombea dua. Kafara ile ile ya mwalimu wa chuoni! Mwaka mzima wa gundi na chale, na kilichomtoa mama ndani ni tundu.

Anakuja. Reli ikiwa nzima wataondoka wiki ijayo, yeye na Mwanamkasi. Anakuja na mzigo wa makuti aliyoyasuka mwenyewe, ya kuziba paa. Nimemwambia paa la mbao halizibwi kwa makuti. Akaniuliza nimeezeka mapaa mangapi ya mbao.

Usimcheke. Na mwambie Rama, kwa kuwa amevumilia tangu Agosti, asithubutu kuliziba tundu sasa.

Kakako,
Mwidani


Elburgon,
3 Desemba 1961

Kaka yangu Mwidani,

Shikamoo. Wamefika salama, ingawa gari lilikawia sana njiani. Mwanamkasi anatetemeka kwa baridi na amevaa makoti yote mawili ya Rama. Nawe hujambo peke yako huko? Unakula?

Nilikwenda kuwapokea stesheni. Mama alinishika uso kwa mikono miwili akaushika kwa muda mrefu, watu wakipita na mizigo yao. Akauliza makuti yako wapi.

Mvua ilikuwa inanyesha tulipofika nyumbani. Nilitaka kumshika mkono mlangoni, akanikataza. Akavua viatu, akasema Bismillahi, akatia mguu wa kulia. Nilikuwa nyuma yake, kaka, mikono tayari kumdaka. Akaipita meza bila kuigusa. Akashika njia ya kushoto. Akajikwaa kwenye kiti, akakipiga kofi, akasema, "Hiki Mwidani hakukiweka." Akaendelea mpaka mguu wake ukagusa beseni letu la kukingia maji. Hapo akasimama, akainua uso juu, na tone likamwangukia kwenye paji.

"Ni hapa," akasema.

Nilimkumbatia mle mle kwenye maji. Tukalia wote, na Rama akaenda kutafuta ngazi bila kuambiwa.

Makuti yako juu ya paa sasa. Majirani wanakuja kuyatazama na kucheka, na Rama anajificha. Lakini kitandani hapadondoki tena, na mama ndiye anayelala pale. Kurudi hajakutaja, nami simwulizi.

Anasema nikuandikie kwamba tundu lilikuwa pale pale, na paa ni lenyewe. Nilimwomba arudie nipate kuyaandika maneno yake vizuri. Akasema hayarudii, ila kile kiti ukitengeneze, ukitie kijumbani.

Dada yako,
Mwanarehema