Uzi wa Ogeto

Kisii Mjini,
Jumatatu asubuhi.

Kwa dada yangu Nyanchera,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama hapo Suneka. Natumaini mmeamka salama, na kwamba mwanao Momanyi hajashikwa na yale maumivu ya mifupa wiki hii. Mimi mdogo wako ni mzima, nanenepa tu. Ningepiga simu, lakini ungenikatia kabla sijamaliza, na leo nataka nimalize.

Nasikia Sabato hukosi kanisani, na siku nyingine unauza ndizi sokoni. Hongera. Afadhali ndizi kuliko kushinda ukimlilia mwanamume. Mama anasema bado unawaambia watu kwamba kompyuta yangu ndiyo iliyokuvunjia ndoa siku ile ya kikao kwa wakwe zako kule Magwagwa. Hebu tukumbushane vizuri.

Wakwe zako walikuwa wakisema ugonjwa wa selimundu umetoka kwenye ukoo wetu, na kwamba damu ya mumeo Ogeto ni safi. Hospitali ilishakueleza kuwa mtoto haugui mpaka apokee kasoro kwa baba na kwa mama, wote wawili. Lakini Ogeto alikataa kupimwa, na wewe nani angekuamini? Ukanijia mimi, ninayetengeneza katuni za masomo ya sayansi. Ukataka filamu fupi ya molekuli, wazee wajionee. Uzi mwekundu wa baba, uzi wa buluu wa mama, kila mmoja na doa lake jeusi, ndiyo hiyo kasoro. Kisha molekuli za damu zinang'ang'aniana na kurefuka mpaka chembe inapinda kama mundu. Niliitengeneza kweli kweli. Ulipoiona ulinikumbatia ukalia.

Siku ya kikao nikatundika shuka ukutani, wazee wa pande zote mbili wakakaa. Filamu ikaanza. Uzi wa buluu ukatokea na doa lake. Ule mwekundu haukuonekana. Mzee Machogu akauliza upande wa baba uko wapi, nami nikamjibu kwa adabu zote:

"Upande wa baba hauna shida, mzee, ndiyo maana haujaonyeshwa."

Mama mkwe wako akapiga makofi. Ukasimama ukisema siyo filamu uliyoonyeshwa, na kadiri ulivyopaza sauti ndivyo walivyokuona mwongo. Hata jua halijazama ulikuwa umerudishwa Suneka, wewe, mtoto na godoro. Uliponiuliza kumetokea nini, nilikuambia mashine ilikataa, nami nikaropoka kwa aibu.

Haikukataa, dada. Katika kazi yetu kila kitu kilicho ndani ya filamu kina alama ya jicho pembeni. Ukiibofya, kitu chenyewe kinatoweka, lakini hakifutiki. Kinaendelea na mwendo wake palepale kilipo. Asubuhi ya kikao nililibofya jicho la uzi wa Ogeto huku nikimalizia chai uliyonimiminia. Najua utasema kikulacho ki nguoni mwako. Sema. Ogeto alikuja nyumbani kwetu kwa ajili yangu, wewe ukamletea soda, ukakaa, hukuinuka tena. Sasa amefika alikokuwa akienda. Tunaishi pamoja tangu Pasaka.

Usilie kwanza, bado kuna la kukuchekesha. Nina mimba, na kliniki wamenipima: doa ulilo nalo wewe, nami ninalo. La Ogeto tunalijua sisi wawili, maana bila hilo Momanyi asingeugua. Huyu wangu huenda akawa mzima, huenda asiwe. Ogeto siwezi kumwambia. Mimi ndiye niliyemsafisha mbele ya wazee. Jana niliifungua ile filamu, nikalibofya jicho. Uzi wake ulikuwa palepale, ukicheza na wenzake. Nikauficha tena.

Sikuombi msamaha, wala sitakwenda Magwagwa kukusafisha. Nataka kitu kimoja tu. Maumivu yakimjia Momanyi, huwa unamshika wapi mpaka ananyamaza? Niandikie hilo, matusi uyaache.

Msalimie Mama, na majirani wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Mungu awalinde hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja,
Edinah.