Injini ya Mnada

Baba Violet,

Chai iko kwenye chupa, ndizi ziko jikoni. Suti yako yenye matope ~~nitaifua nikirudi~~ uifue mwenyewe.

Nilikwambia boti letu la mapipa linataka injini ndogo, ya nguvu za farasi watano. Lakini jana kwenye mnada wa mavuno kanisani, kila Mzee Kaanaeli alipopandisha dau na wewe ulinyoosha mkono, mpaka ukarudi na ya farasi arobaini. Leo asubuhi hata hukuiwasha. Ulipoifunga tu nyuma ya boti, uzito wake ukalizamisha, likakaa kitako kwenye matope ya bwawa na wewe juu yake, kijiji kizima cha Akheri kikitazama.

Mzee Kaanaeli amepiga simu kukupa pole. Anayo injini ndogo, ataileta iuzwe mnadani Jumapili. Tutakaa pamoja, na mkono wako nitaushika mimi.

Mama Violet